Firq ya Vitabuni na Firq ya Masimulizi Yetu

Wengi wetu tulilijua jina la Firq kabla ya kuiona. Mzee wa Unguja au wa Pemba, akiulizwa asili yake, alijibu kwamba sisi ni watu wa Nizwa. Akibanwa zaidi, ndipo akataja kijiji. Masimulizi yenyewe yalikuwa mafupi. Kulikuwa na ngome, kulikuwa na shehe, na kulikuwa na falaji. Ngome ilipigana, shehe aliamua, na falaji ilipita tu, kama mvua ya vuli inavyopita bila mtu kuuliza nani kaileta. Nani aliyepanga zamu ya maji, nani aliyeandika hesabu, nani aliyewalipa mafundi udongo ulipoporomoka ndani ya mfereji, hayo hatukusimuliwa, nasi hatukuuliza.

Vitabu vinavyojibu maswali hayo vipo, na kimojawapo kina umri wa miaka arubaini na zaidi. Havikusomwa sana majumbani kwetu, kwani viliandikwa kwa Kiingereza na viliandikiwa wataalamu. Tumevirudia vitano, tukiwa na swali lenye pande mbili: kijiji cha bara ya Oman kilijiongozaje, na wale waliosafiri kwenda Afrika wamo wapi katika uongozi huo? Hakuna hata kimoja kati ya vitano kilichoandikwa juu ya Firq peke yake. Lakini vinazungumza juu ya Izki, Hamra, Bahla na Nizwa yenyewe, yaani majirani wa Firq, na desturi za majirani hawa zinafanana kiasi cha kutosha kutusaidia.

Kwa wasioijua, Firq iko kilomita chache kusini ya Nizwa, penye njia panda. Anayetoka Maskati kwenda Nizwa hupita hapo, na anayekwenda Manah, Adam na hatimaye Salala hugeukia hapo. Wanazuoni wanaitaja kuwa ndiko alikozaliwa Jabir bin Zaid, Abu Sha'atha, katika karne ya kwanza ya Hijra, kabla ya kuhamia Basra na kuwa imamu mkubwa wa elimu ambaye Maibadhi wote wanamtegemea. Tunapenda kulikumbuka hilo tunapoambiwa kwamba kuhama ni jambo lililotuingia karne ya kumi na tisa. Mtu mashuhuri kuliko wote wa Firq alijulikana akiwa ugenini.

Jina la kijiji lilitajwa tena duniani mwezi wa Agosti 1957, pale majeshi ya Sultani Said bin Taimur na wasaidizi wake wa Kiingereza yalipokuja kuupindua Uimamu wa Imamu Ghalib bin Ali Alhinai. Firq ndiyo iliyosimama kati yao na Nizwa. Ndege zilizipiga ngome za vijiji vya huku, na Firq ilipoanguka Nizwa haikuchukua muda. Tanuf, iliyo upande wa pili wa Nizwa, hadi leo ni magofu. Katika nyumba zetu za Afrika Mashariki habari hizi zilisikilizwa redioni, na ndizo zilizobaki. Ndiyo maana tukisema Firq tunafikiri vita. Vitabu tunavyovizungumza hapa vinafikiri maji, na kwa maoni yetu vimekaribia ukweli kuliko sisi.

Tuanze na kitabu cha J. C. Wilkinson, Water and Tribal Settlement in South-East Arabia, kilichotoka Oxford mwaka 1977. Ni kigumu kusoma. Kina ramani, majedwali na maneno ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa herufi za nukta, na mara nyingi mwandishi anahama kutoka jiolojia kwenda fiqhi bila kumpa msomaji nafasi ya kupumua. Lakini hatujui kitabu kingine kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini kijiji cha bara kimekaa kilivyokaa. Hoja yake ni kwamba falaji ilitangulia na kabila likafuata. Mifereji mingi mikubwa ilichimbwa kabla ya Uislamu. Waarabu walipokuja kukaa waliikuta, na ikawalazimu kuishi kwa utaratibu wa mfereji. Kabila linaweza kugawanyika, kugombana na kuhama. Mfereji hauwezi. Ukiporomoka mahali pamoja, bustani za maadui wawili zinakauka siku moja.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni Izki. Mji ule uligawanyika pande mbili, Yaman na Nizar, zilizotenganishwa kwa kuta na kwa uhasama wa karne nyingi, na zote mbili zilikunywa maji ya Falaji al-Malki. Mtu aliyelelewa kwa hadithi za vita vya Hinawi na Ghafiri angetarajia kwamba upande wenye nguvu utaufunga mfereji wa upande mwingine na hadithi iishie hapo. Wilkinson anaonyesha kwa nini haikuwa hivyo, na kurasa hizo zinastahili kusomwa na kila anayeamini kwamba mababu zetu walitawaliwa na panga tu.

Utaratibu wenyewe tuueleze, kwani ndiyo serikali ya kijiji. Maji yakitoka chini ya ardhi hupita kwanza mahali pa wazi panapoitwa sharia, ambapo kila mtu huchota ya kunywa bila malipo, mwenyeji na mpita njia. Kisha hupita msikitini na sehemu za kuogea, za wanaume mbali na za wanawake mbali, na pa kuoshea maiti. Baada ya hapo ndipo yanapokuwa mali ya watu. Mali hiyo hugawiwa kwa wakati. Kipimo chake ni athari, ambayo ni kama nusu saa, na athari ishirini na nne hufanya badda, yaani nusu ya siku nzima. (Sisi tuliolizoea neno athari kwa maana ya alama au madhara, inatubidi tuzoee kwamba mtu anaweza kumiliki athari mbili na nusu, akaziuza au akazirithisha.) Zamu ikimaliza kuwazunguka wote huanza upya. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, usiku kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota, na zilipokuja saa za mkononi wengi waliziacha nyota. Harriet Nash ameandika juu ya elimu hiyo ya nyota mwaka 2011, wakati waliokuwa bado wanaitumia walikuwa wamebaki wachache.

Na wasimamizi je? Wakili wa falaji huchaguliwa na wenye hisa. Chini yake yuko arifu, anayesimamia zamu na kuamua ugomvi wa dakika; yuko mwandishi anayeshika daftari; yuko dalali anayenadi maji. Sehemu ya athari si ya mtu yeyote: ni ya falaji yenyewe, au ni wakfu wa msikiti au wa madrasa, nayo hunadiwa na fedha zake hutengeneza mfereji na kulipa mishahara. Kazi ya kushuka chini ya ardhi mara nyingi ilifanywa na mafundi wa kabila la Awamir, waliojulikana kwa kazi hiyo Oman nzima. Katika mpango huu wote shehe wa kabila hana kiti chake maalumu. Akiwa na maji, ni kwa sababu aliyarithi au aliyanunua kama mwingine. Alisuluhisha, alipokea wageni sablani, alikuwa mdomo wa watu wake mbele ya wali. Lakini athari ya mjane haikuwa yake kuigawa. Hapa ndipo masimulizi ya wengi wetu yanapoanguka.

Hata Uimamu ulikuwa mwepesi kuliko tunavyoukumbuka. Imamu Muhammad bin Abdullah Alkhalili, aliyetawala toka 1920 hadi kufa kwake 1954, aliwaweka mawali na makadhi, akakusanya zaka, akaweka amani ya njia. Dale Eickelman, katika makala yake ya 1985 juu ya miaka hiyo, ameonyesha jinsi wafanyakazi wa dola ile walivyokuwa wachache. Iliwezekana kwa sababu kazi nyingi ambazo mahali pengine hufanywa na serikali zilikuwa zinafanywa na daftari la falaji.

Basi tumsifu Wilkinson, kisha tumlaumu. Kijiji chake kimekamilika mno. Wenye hisa wapo, kila mmoja anasubiri zamu yake. Lakini sisi tunajua kwamba wengi hawakuwapo! Mwenye athari tatu alikuwa yuko Pemba chini ya mikarafuu, au Tabora dukani, au njiani kwenda Ujiji. Nani alisimama uwanjani kwa niaba yake? Maji yake yalikodishwa kwa nani, na kodi alitumiwa au ililiwa? Akifa huko, ameoa huko na amezaa huko, je, jina la mtoto aliyezaliwa Wete liliingia daftarini? Kurasa za 1977 hazisemi. Inashangaza, maana mwandishi huyohuyo mwaka 2015 alitoa kitabu kinene juu ya Waomani katika Afrika, The Arabs and the Scramble for Africa, kilichojaa Waharthi, Wabaruani na majina mengine tunayoyajua. Miaka thelathini na minane imepita kati ya vitabu hivyo viwili. Katika cha kwanza kuna kijiji bila safari. Katika cha pili safari ziko tele na kijiji kimekuwa mahali pa kutokea tu. Tulitamani aviunganishe yeye, maana hakuna aliyekuwa na elimu ya kutosha ya pande zote mbili kuliko yeye.

Aliyejaribu kuviunganisha ni Thomas McDow, katika Buying Time ya mwaka 2018. Yeye amezisoma waraka za Zanzibar, zile karatasi za mikopo, rehani na mauzo zilizoandikishwa katika karne ya kumi na tisa, na kutoka kwenye deni amemfuata msafiri kurudi nyuma hadi bara ya Oman, kwenye ukame na mitende. Hoja yake kwamba mkopo ulimnunulia mtu muda, akaweza kuondoka, akaweza kukawia kurudi, inaeleza mambo mengi tuliyoyaona majumbani bila kuyafahamu. Kile ambacho hakikuwa kwenye waraka zake ni daftari la upande wa pili. Anayajua madeni ya Zanzibar. Kitabu cha falaji ya kijijini hakukifungua. Hatumlaumu. Vitabu hivyo viko majumbani na misikitini, na wenyewe hawavitoi kwa kila mgeni.

Wanawake ni jambo jingine. Kwa Wilkinson wao ni warithi tu, ambao sheria iliwapa fungu lao la maji. Aliyewatia kijijini ni Christine Eickelman, aliyekaa Hamra mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa na mumewe, tuliyemtaja hapo juu. Kitabu chake, Women and Community in Oman cha 1984, ni chembamba na ni chepesi kusoma, na tunakipendekeza kwa nyumba zetu kabla ya vingine vyote. Anaeleza jinsi wanawake walivyokuwa na duru yao ya kuzuriana, kahawa na tende kila siku, nani anaingia kwa nani bila kubisha, nani lazima aende msibani na akae siku ngapi. Kwa mujibu wake huo si umbea wa wanawake. Ndio unaoamua familia ipi imo na ipi imetoka. Waume wanayajua mengi ya sabla kwa kuyasikia kwa wake zao, na wanayapeleka mengi huko yakiwa yamekwisha kuamuliwa jikoni. Yeyote aliyekulia Ng'ambo au Chake Chake anaijua serikali hii. Sisi tungeongeza kwamba waliorudi Oman baada ya 1970 waliikuta duru hii kabla ya kuikuta ofisi yoyote. Mwanamume alipewa pasi na kazi Maskati. Mke alipelekwa kijijini akakalishwa mbele ya sinia la tende, naye hajui Kiarabu cha kutosha kujua ameulizwa nini.

Mandana Limbert, aliyefanya utafiti Bahla katika miaka ya 1990, amelifikia jambo hili. Kitabu chake In the Time of Oil (2010) ndicho kilichotugusa zaidi na ndicho kilichotuudhi zaidi. Ametusikiliza: uhusiano wa Bahla na Afrika Mashariki umo ndani, na uchungu wa kuwa mtu wa mji na kutokuwa wake umo pia. Ameona jinsi maji ya bomba yalivyobadilisha ujirani, kwa kuwa mtu asiyelazimika kwenda kwenye mfereji halazimiki kuonana na jirani yake. Na ameshika vizuri ile hofu ya wazee kwamba neema ya mafuta ni ya kupita, na kwamba umasikini wa zamani utarudi siku moja ukiwakuta watu hawajui tena kusafisha falaji. Kilichotuudhi ni kwamba Kiswahili katika kitabu hiki kinasikika kama mwangwi kutoka chumba cha pili. Watu waliosema Kiswahili ndani ya nyumba zile walikuwa na maneno ya kuyaeleza maisha ya kijiji, na maneno hayo hayakuulizwa. Mwanamke aliyeiita sabla baraza hakukosea Kiarabu. Alikuwa analinganisha.

Na ulinganisho huo una faida. Mwaka 1961 John Middleton aliandika ripoti juu ya umiliki wa ardhi Zanzibar, akaeleza jinsi miji ya Wahadimu ilivyoongozwa na wazee walioitwa Watu Wanne, pamoja na mvyale aliyeshika mambo ya mizimu na ardhi. Serikali ya Sultani iliwawekea masheha juu yao, na Watu Wanne wakaendelea na kazi chini kwa chini. Ukiisoma ripoti hiyo usiku mmoja na Wilkinson usiku wa pili, unaona mambo yanayofanana: uongozi mdogo wenye majukumu yaliyo wazi, na dola inayokuja baadaye na kumteua mtu mmoja wa kuandikiana naye barua. Mababu zetu waliotoka Firq na wakakaa Makunduchi au Chwaka hawakuingia katika giza. Waliingia katika kijiji kingine chenye utaratibu wake, na inawezekana waliuelewa haraka kuliko maofisa wa Kiingereza. Hatujaona mtafiti aliyelifuata wazo hili, nasi tunaliweka hapa alichukue atakaye.

Kuna watu ambao vitabu vyote vitano vinawapa nafasi ndogo, na jarida letu limewapa ndogo zaidi. Ni mabidari, waliopanda mitende na kuigeuzia maji kwa fungu la mavuno, na ni watumwa na wazao wao. Utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970 tu. Zanzibar hadhi yake ya kisheria iliondolewa 1897. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna watu waliovushwa bahari kuja vijijini kwetu, wakasafisha mfereji ambao hawakuwa na athari hata moja ndani yake. Walikuwa na lugha moja na wengi wetu. Tunaporudi Firq tukiwa tunasema Kiswahili, kuna wanaotuelewa ambao hawakuwahi kuondoka kwa hiari na hawakurudi kwa hiari. Tumeandika mengi juu ya nasaba. Haya hatukuyaandika kwa kuwa yanatuumbua, si kwa kuwa hatuyajui.

Na leo? Firq sasa imemezwa na mji wa Nizwa; penye njia panda pana maduka makubwa na taa za barabarani. Wali yupo, mashehe wapo, wanatambuliwa na serikali na kupeleka mahitaji ya watu wao. Mabaraza ya manispaa yalichaguliwa kwa mara ya kwanza Disemba 2012, wanaume na wanawake wakipiga kura, na amri ya 2022 juu ya mfumo wa mikoa imempa mkuu wa mkoa wa Dakhiliya madaraka zaidi. Falaji Daris ya Nizwa na Falaji al-Khatmein ya Birkat al-Mauz ziliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, pamoja na nyingine tatu, kati ya kama elfu tatu zinazotiririka bado Oman nzima. Watalii wanapiga picha. Wakili bado anachaguliwa, na mnada bado unanadiwa, ingawa athari siku hizi ina thamani ya heshima kuliko ya mtende.

Jambo linalotuhangaisha ni dogo kuliko haya yote, na limetuletea barua nyingi. Ni daftari. Familia zinatuandikia kutoka Dubai, London na Dar es Salaam zikiuliza kama babu yao ana maji kijijini. Hawayataki yale maji. Wanataka kuona jina. Wengine wamekwenda, wakakaribishwa, wakanywa kahawa, wakaambiwa kwa upole kwamba kitabu cha zamani kimechakaa na kipya kimeandikwa upya, na katika kuandikwa upya wale ambao hakuna aliyewasimamia uwanjani waliachwa. Hakuna aliyewadhulumu kwa makusudi. Athari isiyo na mtu hurudi kwa falaji au kwa msikiti, na zamu inaendelea. Ndivyo utaratibu ulivyokusudiwa kufanya kazi, na Wilkinson angekwambia kwamba ndiyo sababu umedumu.

Basi ombi letu kwa wanahistoria wanaosoma jarida hili ni la kikazi. Atakayeandika kitabu cha sita aanze uwanjani kwenye mnada, lakini aketi na daftari mbili mbele yake, la falaji na la waraka za Zanzibar, na awe na Kiswahili cha kutosha kumuuliza bibi aliye jikoni kabla ya kumuuliza shehe aliye sablani. Na wasomaji wetu wenye karatasi za aina hiyo masandukuni, hata kipande chenye majina mawili na idadi ya athari, wazipige picha pande zote mbili. Mara nyingi mwandishi aliandika nyuma ya karatasi nani aliyepokea maji kwa niaba ya nani, na hapo ndipo msafiri anapoonekana.